Mtutu mpya kwa bunduki ya baba

Miaka ile ya hamsini, bunduki ya mume wangu ilichoka. Mtutu ulikuwa umelika ndani, na nguruwe wa pori walikula viazi vyetu pale Munigi bila wasiwasi. Fundi mmoja wa Goma alikuwa tayari kuitia mtutu mpya. Lakini mume wangu alikuwa ameona nyingine inang'aa dukani, na mwenye duka alikubali kupokea ile ya zamani kama sehemu ya bei.

Nilikasirika. Bunduki ile alipewa na baba yangu. Kwetu sisi wafugaji, mwanaume akishatoa ng'ombe wa mahari, baba wa bibi harusi naye humrudishia ng'ombe mmoja. Baba alikuwa pia mwindaji, akarudisha bunduki yake badala ya ng'ombe.

"Uiuze," nilimwambia, "na mimi unirudishe kwa papa siku ile ile."

Alicheka, kisha akaona mimi sicheki. Akaenda kwa fundi.

Nguruwe wa kwanza kuangushwa na mtutu ule, paja lake nililipeleka kwa baba mimi mwenyewe, kichwani, njia nzima waone. Na kila mgeni alipoisifu bunduki, mume wangu alimjibu: "Ni ya muke wangu. Mimi ninamubebea tu."