Matope ya Gurudumu la Tano

Alhamisi asubuhi, Hyattsville. Mimi si mtu wa kuketi. Tangu Jumatatu, kaka yetu alipopiga simu kutoka Kinangop akasema Baba amelala na hakuamka, nilikuwa nimeosha vyombo vilivyo safi, nimepiga shuka pasi, na nimefanya zamu mbili kwa wazee ninaowatunza. Nikiketi tu, najikuta nimesimama tena.

Kwenda nyumbani hakukuwezekana. Karatasi zangu zilikuwa bado, na mdogo wangu Njeri, anayesoma chuo huko milimani magharibi mwa Maryland, naye akitoka nchini huenda asirudi. Mazishi yalipangwa Jumamosi saa nane mchana, ambayo huku ni saa kumi na mbili asubuhi. Njeri alinipigia akilia: “Wambui, usiniache peke yangu hiyo saa. Aki, kuja.” Nikamwambia nakuja. Redio nayo ikasema theluji imeanza kuanguka milimani.

Ndugu Elisante ni Mtanzania wa Moshi, tunaimba naye kwaya. Mkewe alimwambia asithubutu kuniacha niende peke yangu, kwa hivyo alifika mapema, akakataa chai, akainama kwenye kigari changu kidogo na kupitisha kidole juu ya tairi.

“Dada, hizi ni kipara. Kashata, haya meno ya tairi, zimekwisha zote.”

“Tutaenda polepole.”

“Hata tukienda kwa magoti, kule hatufiki. Hebu tutafute tairi za theluji kwanza.”

Nilitaka kumwambia abaki na kashata zake. Lakini ningefanya nini? Nikachukua funguo.

Saa nne tulikuwa kwa muuza tairi, barabara kuu pale pale Hyattsville. Foleni! Kumbe redio ilikuwa imeamsha kila mtu. Mama aliyekuwa kaunta alisoma namba zilizo ubavuni mwa tairi yangu, akaingia stoo, akarudi akisema za saizi hiyo zimebaki mbili tu, nyingine zitakuja wiki ijayo.

“Nipe hizo mbili,” nikasema. “Nifungie nyuma.”

Elisante akanigeukia. “Nyuma?”

Ndiyo, nyuma! Baba alikuwa na pikapu ya kubeba maziwa na viazi, na mvua ikinyesha alihamisha tairi nzuri nyuma, akapakia magunia juu yake, akaondoka huku majirani wamekwama. Nimeyaona hayo tangu nikiwa mdogo. Sikuona wa kunifundisha tairi.

Yule mama hata hakubishana. Akasema pikapu ya baba yangu ilisukumwa na magurudumu ya nyuma, bali kigari changu kinavutwa na ya mbele. Basi zifunge mbele, nikasema. Akatikisa kichwa: mbele itashika, nyuma itateleza, na kwenye kona mkia utanipita. Zote nne zifanane, la sivyo yeye hafungi. Nilitoka nimebamiza mlango.

“Haraka haraka haina baraka,” Elisante akaniambia nje.

“Na ngoja ngoja huumiza matumbo!”

Akacheka, nami nikacheka kidogo, mara ya kwanza wiki hiyo. Kisha akakumbuka kuna rafiki yake mmoja aliyewahi kuwa na kigari kama changu.

Adhuhuri, Beltsville. Ukipita mashamba ya utafiti ya serikali kuna ng’ombe wanaokula nyasi, na mimi sikutaka kuwatazama. Papa Désiré, Mkongo wa Bukavu, anatengeneza friji nyumbani kwake ng’ambo ya mashamba hayo. Aliuza kigari chake akabaki na magurudumu yake ya baridi, tairi na rimu pamoja. Elisante alimweleza shida yangu, naye akavua kofia.

“Mama, pole sana kwa baba. Pneu, hizo tairi, ziko kule nyuma, zote tano.”

Zilikuwa zimelala bustanini, zimezama kwenye udongo mwekundu uliolowa mvua. Tulizing’oa kwa mikono. Elisante akahesabu matundu ya nati: manne, kama yangu. Akalinganisha namba za ubavuni, akabonyeza mpira kwa ukucha, akasema bado ni laini, haujakauka kwa uzee. Nilichoona mimi ni wembamba wake.

“Hizi si za baiskeli kweli? Mimi nataka nene!”

“Nyembamba iko muzuri,” Papa Désiré akasema. “Nene inaelea juu ya theluji. Nyembamba inakata, inafika chini.”

Baba alikuwa akikataa tairi nene kwa sababu hiyo hiyo. Tope likiwa la juu juu, alisema, tafuta ardhi ngumu iliyo chini yake. Nilisimama pale na mikono yenye matope, nikasema, “Haya, tubebe nne.”

“Hapana, zote tano. Zilitoka pamoja, ziende pamoja. Ikitoboka moja kule juu, utafanya je? Baridi ikiisha, munanirudishia.”

La tano ndilo lililokuwa limelala chini kabisa. Ndani ya rimu udongo ulijaa kama ugali uliosahauliwa sufuriani.

Alasiri tulifungia magurudumu Takoma Park, mbele ya nyumba anayopanga Elisante. Alipandisha gari kwa jeki, akakaza nati moja, akaruka akakaza inayoielekea, akarudi tena kuzikagua zote. Mimi nilikuwa nazunguka gari.

“Ndugu, unafunga nati au unasali?”

“Vyote, dada.”

Nne zikafungwa. La tano alitaka kuliosha kwa ndoo kabla ya kulitia kwenye buti. “Wacha hiyo!” nikamwambia. “Matope hayajawahi kuua mtu.” Akatandika kartoni, akalilaza juu yake, akinung’unika kuhusu koti langu la mazishi lililokuwa kando.

Ijumaa asubuhi tuliondoka. Barabara ilikuwa kavu hadi tulipoanza kupanda, kisha mbingu ikashuka na lami ikapotea. Magari yalikuwa mtaroni, moja limegeukia tulikotoka. Mguu wangu ulikuwa unawasha kukanyaga mafuta, na kila kilima nilidhani ndicho cha mwisho.

Kwenye kona moja gari lililotutangulia liliyumba, likazunguka, likasimama kando. Mguu ukataka breki. Nikasikia sauti ya Baba kabisa: penye utelezi huachi usukani na hukanyagi breki. Nikainua mguu. Zile tairi nyembamba zikauma, tukapita taratibu, nikaanza kulia kwa sauti.

“Lia, dada yangu,” Elisante akasema. “Lakini angalia barabara.”

Jioni tulifika. Njeri alitufungulia mlango akiwa na kijiko mkononi, kimepinda. Nikamkumbatia, nikamuuliza cha nini.

Kwetu, jeneza likishashushwa, kila mtoto hurusha udongo kaburini. Njeri alitaka tufanye hivyo saa ile ile, hata kama kaburi liko mbali. Alikuwa ameondoa theluji nyuma ya jengo akachimba, na ardhi ilikuwa imeganda kama saruji.

“Hata udongo, Wambui? Hata udongo wa kumrushia Baba tumekosa?”

Nilitembea chumbani, dirishani, mlangoni, dirishani, mpaka Elisante akanisihi nilale.

Jumamosi alfajiri nilitoka kuchukua koti langu kwenye buti. Nililivuta, na mkono wangu ukagusa kitu kikavu, kinachomeng’enyeka. Ule udongo wa Beltsville! Nilipiga yowe, mpaka Njeri akashuka mbio na soksi tu.

“Leta kijiko!” nikamwambia. “Kuja na hicho kijiko chako!”

Tuliukwangua kwenye rimu mpaka chuma kikaonekana. Saa kumi na mbili ilipofika tulisimama nyuma ya jengo, Elisante akaomba, nami nikarusha kwanza kwa kuwa ndimi mkubwa. Nikarusha na kwa ajili ya kila safari aliyotutoa matopeni. Njeri akarusha wa kwake, akasema, “Kwaheri, Baba.” Theluji ikawa nyekundu mahali padogo. Kisha nikaketi kwenye ngazi, Njeri akalaza kichwa mapajani mwangu, na sikutaka kuinuka.

Jumapili tulirudi, barabara imeshafagiliwa theluji. Atakayeniuliza habari za tairi za baridi sasa ninamjibu: zote nne zifanane, zisiwe nene, na ujue kwanza gari lako linavutwa au linasukumwa. Na usiwe na haraka ya kuosha kila kitu.

Majira ya kuchipua nilimrudishia Papa Désiré magurudumu yake. Akayatazama yalivyopangwa uani: manne yamechakaa kwa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji, moja halina hata chembe ya udongo.

“Mama, hii ya tano haikutumika?”

“Ilitumika, Papa,” nikamwambia. “Hiyo ndiyo iliyomzika baba yangu.”