Tairi la Nyasi kwenye Barabara ya Lubudi

Mume wangu alikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja wa Kolwezi, siku zile Wabelgiji wangali wakitawala na hawafikirii kabisa kuondoka. Siku tuliyompeleka mama yangu Lubudi kupanda treni, mi sikuwa na kazi yoyote safarini isipokuwa kukaa katikati. Tumbo langu lilikuwa kubwa, mimba ya kwanza, na barabara ile ya vumbi na mashimo haikumfaa mwenye mimba. Lakini kwetu, watu wa Kasai, mkwe mwanaume na mama wa mke wake hawatazamani usoni, hawasemeshani, hawali pamoja. Wangesafirije wawili peke yao? Nikaenda niwe ukuta.

Mama alikuwa amekuja kunipokelea mtoto. Kisha mtu wa kwetu akashuka treni na habari kwamba mama yake, yaani bibi yangu, yuko kitandani, hali tena chakula, na anamwita. Treni ya Kasai ilikuwa ipite Lubudi jioni ile. Ikimwacha, angengoja wiki nzima, na mgonjwa wa namna ile angeweza kuondoka siku yoyote. Basi mama akapanda nyuma, kwenye bodi ya gari la mizigo la tajiri, katikati ya mapipa matupu, sisi tukakaa mbele, na hakuna aliyeona ajabu.

Tulikuwa tumeshaacha mashamba wakati gurudumu la nyuma lilipokanyaga ukanda wa chuma, ule mwembamba wa kufungia masanduku ya mashine za mgodi. Lori fulani liliudondosha likaenda zake. Ukachoma tairi ukabaki mle mle, ukipiga bodi kila gurudumu linapozunguka. Sisi mbele hatukusikia kitu, maana injini ile ilikuwa na makelele yake. Mama alisikia. Tena aliinama ukingoni akauona kwa macho yake. Na hakugonga paa la kabini, wala hakuita, kwa sababu kuita kungekuwa kumwita mkwe! Alikaa kimya na heshima zake zote, akingoja tusimame wenyewe. Tuliposimama, gari likiyumba kama mlevi, mpira wa ndani ulikuwa matambara.

Nilikasirika. Nilimuuliza mama kwa nini hakupiga hata kofi moja kwenye bati. Akanijibu kwa Kiluba, macho yakiwa porini, kwamba yeye hakulelewa hivyo. Mume wangu alisikia yote akajifanya hakusikia. Gurudumu la akiba halikuwepo, tajiri wake alikuwa amelichukua kwa gari lingine, na njia nzima haikuwa na mtu.

Madereva wa nchi ile walikuwa na dawa yao: mpira ukifa, unajaza tairi nyasi. Unazisokota kama kamba, unazishindilia mpaka tairi linakuwa gumu. Ni kazi ya watu wawili, mmoja anapanua mdomo wa tairi kwa mtaimbo, mwingine anasukuma nyasi ndani. Mama akajificha nyuma ya kichuguu, kirefu kuliko nyumba, akawa anakata nyasi kwa kisu. Mi nikabeba mafungu kutoka kwake hadi kwa mume wangu, naye maskini akajaribu kufanya kazi ya wawili. Akipanua, hana mkono wa kusukuma. Akisukuma, mdomo unafunga na nyasi zinaruka nje. Nikapiga magoti nimsaidie, tumbo likakaza ghafla, nikalia. Akanikataza kugusa kitu tena.

Jua lilikuwa limeanza kushuka. Nilirudi kwa mama mikono mitupu nikamwambia ukweli, kwamba treni itatuacha. Aliangalia barabara upande wa Lubudi, midomo ikamcheza, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mama yangu naye ni mtoto wa mtu. Akafunga kitambaa vizuri kichwani. Akatoka nyuma ya kichuguu, akaenda kupiga magoti mbele ya tairi.

Mume wangu akageuza uso haraka, akataka kuinuka aondoke.

“Tata,” mama akamwambia, yaani baba, kwa Kiswahili, nadhani kwa Kiluba ulimi ungekataa. “Fungua mudomo ya mupira. Mi nitasukuma.”

Mume wangu alibaki ameangalia pembeni. Jasho lilikuwa linamtiririka.

“Heshima itatungojea. Mama yangu hatangojea.”

Mume wangu akashika mtaimbo, akafungua. Wakafanya kazi uso kwa uso, mikono yao inagongana ndani ya tairi, yeye akimwambia sukuma hapa, mama akimwambia panua zaidi. Mi nilikaa kando ya barabara nikalia tena, na safari hii tumbo halikuniuma.

Tulipoondoka, mama alikuja kukaa mbele ili gurudumu la nyuma lipungukiwe uzito. Alitoa kichwa dirishani akalilinda tairi, na kila shimo alimpigia mkwe wake kelele aende polepole. Tulifika Lubudi treni imesimama, inanyweshwa maji. Mama akapanda hata bila kuniaga vizuri.

Aliporudi Kolwezi, mtoto wetu alikuwa ameshaanza kukaa. Mume wangu akaingia kutoka kazini, na mama, wee, akavuta kitambaa usoni akatokea mlango wa jikoni! Naye akainamisha kichwa akageukia ukuta. Nilicheka, kisha nikaudhika. Kesho yake, tukitwanga sombe, majani ya muhogo, nilimuuliza huu ni mchezo gani, watu mliokwisha kushikana mikono ndani ya tairi. Mama akaendelea kutwanga. Halafu akanieleza kwamba alimkuta bibi yu hai, akili timamu, akamlisha uji mwenyewe mpaka mwisho. Bibi alitaka kujua ni nani aliyemleta hadi kwenye treni.

“Nikamuambia, ni mutoto yangu mwanaume.”

Bibi alijua vizuri kwamba mama alizaa wasichana tu. Hakuuliza zaidi.