Majina ya Bi Jirani

Unanijua vizuri: ujumbe wa mtu nisiyemfahamu siufungui. Huu nao ningeupita, ila wifi yangu aliuona kwenye kikundi cha simu cha watu wa Thornton Heath, akanitumia na kuniuliza, "Huu si mtaa wenu wa zamani?" Bwana mmoja wa Ireland alikuwa akikusanya nasaba ya ukoo wake, akimtafuta yeyote anayemkumbuka shangazi ya baba yake aliyehamia London ujanani. Jina lenyewe halikuniambia kitu. Nilipofika kwenye namba ya nyumba ndipo moyo uliponipiga paa. Bi Jirani! Miaka sita nimekula mkate jikoni kwake, na jina lake ninaambiwa leo, na mtu baki.

Tulihamia ubavuni mwake tukitokea Pemba, mimi nikiwa na miaka saba. Baba na mama walishinda kazini, bibi yangu akabaki na baridi na ukuta uliotutenga na Bi Jirani. Treni zilipita nyuma ya nyumba, vikombe vikagongana kabatini. Nikirudi skuli nilikwenda kummenyea Bi Jirani viazi, kwa kuwa vidole vyake vilivimba kwa baridi yabisi, naye alinikatia mkate wake wa magadi wenye zabibu kavu, akaupaka siagi bila ya huruma. Harufu ya mkate ule na ya iliki kwenye chai ya bibi zilikutana uani kwetu. Sijazinusa tena pamoja popote, na ninazitamani mpaka leo.

Wazee wale hawakuwa na lugha moja. Mkalimani nilikuwa mimi. Na mazungumzo yao hayakutoka kwenye ukoo. Bi Jirani alikuwa na bati la biskuti lililojaa picha na barua: huyu kaka yake babu, alikwenda Marekani akawa jaji, huyu askofu huko Australia, huyu bondia, lakini huyu tusimtaje sana. Bibi alikuwa na kadhi mmoja tu, na alimtoa kama turufu kila alipoona anashindwa. "Mwambie jaji wake alikuwa akilipwa. Kadhi wetu alihukumu kwa kumcha Mungu." Nilitafsiri nusu, nusu nikaimeza kwa ajili ya amani.

Kanisani kwa Bi Jirani, kila Novemba, watu walipeleka bahasha yenye majina ya marehemu wao ili yasomwe. Mwaka mmoja siku hiyo iliangukia wiki ya hitima yetu, ambapo maalim naye huwasomea marehemu wetu kwa majina, na miwani ya bibi ilikuwa imevunjika. Basi wote wawili wakanitajia majina, nikaandika, nikatia kwenye bahasha mbili. Nikazibadilisha bila kujua.

Jumapili Bi Jirani alirudi kanisani anacheka mpaka anashika ukuta. Padri alikuwa amepambana na jina la Mwanakombo binti Hamadi, marehemu wetu wa Pemba, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Kwetu hakikuchekwa kitu. Maalim alifika kwa Brigida na Patriki, akanyamaza. Nilitaka ardhi inimeze. Bibi akapaza sauti kutoka upande wa wanawake: "Soma tu, maalim. Ni watu wetu."

Tangu hapo kila mwaka walipeana majina kwa makusudi, na bibi akayanakili yale ya Ireland kwenye daftari lake, kwa herufi za Kiarabu. Siku moja Bi Jirani aliweka kikombe chini akaniambia nimuulize bibi: yeye hana mume wala mtoto, akifa, jina lake atalipeleka nani? Bibi hakufikiri hata kidogo.

"Mwambie nitamsoma mimi. Nikitangulia, atamsoma huyu." Akaniwekea mkono kichwani.

Nikaitafsiri ahadi iliyokuwa yangu mwenyewe, huku natafuna.

Baba akapata kazi uwanja wa ndege, tukahamia Hounslow. Bibi akafariki mwaka wa pili. Mimi nikawa msichana mkubwa mwenye shughuli zake, na siku mama alipopiga simu kumjulia hali Bi Jirani, wakapokea watu wengine. Hatukuuliza zaidi. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba hatukuuliza.

Nilimjibu bwana yule, akanionyesha nasaba yake. Jaji ana picha, askofu ana picha, hata bondia amewekwa na mkanda wake. Chini ya Bi Jirani pameandikwa: alihamia London, hakuacha mtoto. Kutoka kwa babu yake kwenda juu hapana kitu, kwa sababu alipofariki nyumba yake ilisafishwa na lile bati likatupwa. Nikatoa daftari la bibi kabatini, nikamsomea majina kwenye simu, herufi kwa herufi, mpaka kwa babu wa babu. Akauliza aniandike kama nani. Nikamwambia, "Andika mtoto wa jirani." Tulipomaliza, nikaandika jina la Bi Jirani kwenye daftari kwa mkono wangu, chini ya la bibi.

Hitima ilikuwa Jumamosi iliyopita. Maalim wetu siku hizi ni kijana aliyezaliwa hapahapa Hounslow. Nilimpa orodha nzima, nikakaa upande wa wanawake na jibu la bibi mdomoni, nikisubiri anyamaze. Hakunyamaza. Alimsoma Brigida, akamsoma Patriki, akamsoma Bi Jirani kwa jina lake kamili, laini kama maji, na hakuna aliyeinua kichwa. Wa kushtuka hayupo tena. Machozi yakanitoka, kwa kumpata Bi Jirani na kwa kuwakosa wote wawili.

Kisha akafika kwa Mwanakombo binti Hamadi. Akaanza, akarudi nyuma, akaanza tena, akanyamaza.

"Soma tu, maalim," nikasema. "Ni watu wetu."