Herufi Zilizokosa Njia

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo naikumbuka mara nyingi siku hizi, na kila nikiikumbuka najicheka. Nilikuwa nimeolewa karibuni hapa Mbokomu, mwalimu mpya wa darasa la kwanza, najiona najua mengi. Kiangazi kikawa kikali, migomba ya kihamba chetu, shamba letu la nyumbani, ikaanza kunyauka. Mimi nikaamua ni ugonjwa. Nikawa nabeba samadi alfajiri kabla ya kwenda shule, naimwaga kwenye mashina, nakata majani makavu, jioni narudia tena, mpaka mgongo ukagoma kuinama. Baba mkwe wangu alikuwa ananitazama tu. Siku hiyo akaniita.

"Mama, hiyo migomba ina kosa gani hata unahangaika hivyo?"

"Baba, naona inaumwa."

"Haiumwi. Na huko juu mtoni maji yapo, nimetoka kuyaona. Kilichobomoka ni mfongo. Sasa wewe unamtibu nani?"

Mfongo, kwa wewe uliyekulia mjini, ni mfereji waliouchimba wazee kuleta maji kutoka mtoni hadi kwenye vihamba. Ukingo ulikuwa umebomoka huko msituni, maji yakawa yanamwagikia korongoni. Wanaume wakaitana, wakapanda kuujenga, na jioni ile maji yakafika nyumbani. Baba mkwe alinitania kwa habari hiyo hadi uzee wake. Kila akiniona na ndoo ya samadi alikuwa anauliza mgonjwa anaendeleaje.

Nakusimulia haya kwa sababu uzeeni nimerudia jambo lile lile, safari hii juu ya kichwa changu mwenyewe. Asubuhi moja niliamka kichwa kinaniuma, nikafungua Biblia nisome kama nilivyozoea. Ukurasa niliuona. Wino niliuona, mweusi vizuri. Lakini herufi zilikuwa mikwaruzo tu, kama kuku amepita kwenye majivu. Mimi, niliyewafundisha watoto wa mlima huu kusoma mpaka nikastaafu! Nikakifunga kitabu, nimeogopa.

Nikasema ni miwani. Ndeshi, binti yangu ninayeishi naye, akanipeleka mjini tukaibadilisha, wapi. Tukabadilisha tena. Nikishuka sokoni Kiboriloni, vibao vya maduka vyote viko bubu, na mimi bubu, naona aibu kumuuliza mtu kimeandikwa nini. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba niliweza kuandika. Niliandika jina langu kwenye karatasi, Ndeshi akalisoma vizuri kabisa. Mimi mwenye jina nikalitazama, silijui. Hapo ndipo Ndeshi alipokataa kusikia tena habari za miwani, akanipeleka hospitali.

Daktari alikuwa msichana mdogo, mpole. Alinisalimia shikamoo mara mbili, mlangoni na nilipokaa. Baada ya vipimo akaweka picha ya ubongo wangu mbele yetu.

"Bibi, ulipata kiharusi kidogo. Upande wa kulia huoni vizuri. Unachokiona upande wa kushoto kinapokelewa na nusu ya kulia ya ubongo, lakini herufi zinajulikana nusu ya kushoto. Lazima habari ivuke. Daraja la kuvukia limekatika kwa nyuma, hapa."

"Basi nimesahau kusoma?"

"Hapana. Herufi bado unazijua, ndiyo maana unaandika. Ni kwamba unachokiona hakifiki zinapojulikana."

Akaniambia kwamba chini ya ubongo ule wa kijivu wa juu kuna sehemu nyeupe, na hiyo yote ni njia. Ni nyuzi nyembamba mno, zimefungamana mafungu kwa mafungu, na nyingi kati yake zimefunikwa kwa mafuta ambayo huzifanya zionekane nyeupe na habari zipite upesi. Fungu moja linaunganisha pale tunapoelewa maneno na pale tunapoyatengeneza kuyasema. Jingine linashuka hadi uti wa mgongo, ndilo linaloamrisha mkono na mguu. Na lile kubwa kuliko yote linaziunganisha nusu mbili za ubongo. Nilimsikiliza huku namwona baba mkwe wangu. Miwani yote ile ilikuwa samadi tu.

"Itarudi?" nikauliza.

"Sitaki kukudanganya, bibi. Inaweza isirudi kama zamani. Lakini mkono nao una njia yake. Jaribu kuifuatisha kila herufi kwa kidole, taratibu. Huenda kidole kikakusomea."

Nilimshukuru kwa mdomo, moyoni nikanuna. Kuchora herufi kwa kidole ni kazi ya watoto wangu wa darasa la kwanza, hewani na mchangani. Nianze leo, na mvi zangu? Nikakataa.

Ndeshi akawa ananisomea, Mungu ambariki, ingawa anasoma kama mtu anayekimbilia basi. Lakini mimi sikutamani kusomewa, mwanangu, nilitamani kusoma. Mimi na mume wangu, Aminieli, tulikuwa tunapokezana kila asubuhi, yeye mstari mmoja, mimi unaofuata, mpaka sura inaisha na chai imepoa. Alipofariki nikaendelea kusoma zamu zote mbili, yake na yangu, na kwa namna hiyo alikuwa bado yupo mezani. Sasa hata zamu yangu nilikuwa sina. Nilimkosa kuliko wiki ile tuliyomzika.

Desemba ikafika, watu wakapanda nyumbani kutoka kila mahali, nyumba ikajaa. Mwaka huo wanangu walikuwa wamelijengea kaburi la baba yao pale kihambani na kuliweka jiwe jipya lililochongwa. Baada ya ibada ya Krismasi tukakusanyika pale. Tuliomba, tukaimba, kila mtu akasoma maandishi na kuyasifu.

"Limependeza, mama?" kifungua mimba wangu akauliza.

"Limependeza," nikasema. Na sikuwa nimesoma hata herufi moja.

Walipoondoka kwenda kula mbuzi, nikabaki. Nikaliangalia lile jiwe nikaona hasira, kwamba jina la mume wangu linajulikana na kila mgeni anayepita, ila mimi. Nikapiga magoti, nikakiweka kidole kwenye mchongo. Kikapanda, kikashuka, kikakata katikati. "A," nikasema kwa sauti. Nikasogea. Juu, chini kidogo, juu, chini tena. M. Nikarudia ile herufi niwe na hakika. Nilipofika kwenye N machozi yalikuwa yameshaniziba macho, na haikuwa na neno, macho sikuwa nayahitaji.

"Aminieli," nikasema.

Ndeshi akaja mbio, akidhani nimeanguka. "Mama! Mama, umeumia?"

"Niache," nikamwambia. "Nasoma."

Tangu hapo nasoma kwa kidole, na nasoma polepole sana. Mstari mmoja wa Biblia unanichukua muda wa kupika ndizi zikaiva. Mistari miwili ndiyo mwisho wangu kwa asubuhi moja, wa Aminieli na wangu.

Basi shika haya, mwanangu. Mzee wako akishindwa kukujibu, au akikutazama asikutaje jina, usiwaambie watu kwamba hajui kitu tena. Huenda anajua yote, ila hayapati pa kupita. Kaa naye, mjaribu kwa sauti, kwa wimbo, kwa mkono, usichoke upesi. Na wewe mwenyewe ukipoteza njia uliyoizoea, usiidharau nyingine kwa kuwa ni ya polepole au ya kitoto. Mimi kiburi kiliniibia miezi mingi ambayo ningekuwa nimekaa na mume wangu.

Mungu akulinde kichwa na moyo. Akujalie mtu wa kupokezana naye mistari asubuhi, na amwache akae nawe mpaka mzeeke wote wawili.