Zabron na Presha ya Mama Azim

Mume wangu Zabron hajawahi kumkatiza mtu mzima maneno. Nikimtuma samaki wa mchana kutoka hapa Mabawa, tunawala jioni, kwa sababu njiani amekutana na watu. Kila mmoja lazima aamkiwe, aulizwe habari za watoto, za mguu wake mbovu na za shamba lake kule Pangani. Nimegombana naye kwa hilo tangu tuoane na sitaacha. Marehemu baba yake, Msambaa aliyekata mkonge maisha yake yote upande wa Korogwe, alimlea hivyo: mtu mzima akisema nawe unajibu, na asipomaliza yeye humalizi wewe. Ni malezi mazuri, sikatai. Ila yalikaribia kumuua Mama Azim.

Tulikuwa wanafunzi wa uuguzi pamoja, hapahapa Tanga, miaka ile shida ilipoanza kulegea. Sabuni ilikuwa imeonekana tena madukani, lakini kwetu mambo yalikuwa bado. Darasa zima tulikuwa na kipimo kimoja cha presha, kile cha zebaki kinachokaa ndani ya sanduku, na mkanda wake wa kufunga mkononi ulikuwa umeshonwa upya na fundi cherehani wa Makorora kwa kipande cha shuka. Mkufunzi wetu, Sista Yudith, alikilinda kama mboni ya jicho lake.

"Mgonjwa akae, apumzike," alikuwa akituambia. "Mkono uwe usawa wa moyo. Jaza upepo, kisha ufungulie polepole. Ukisikia pigo la kwanza, soma zebaki. Mapigo yakipotea, soma tena. Na kimya! Kimya cha mgonjwa na chako wewe."

Mimi kwa wiki nzima nilisikia mikokoteni ya barabarani tu. Zabron alisikia pigo siku ya kwanza. Tulipopimana sisi kwa sisi, namba zake zilikuwa zilezile za Sista, na nilimwonea wivu mpaka nikakosa hamu ya kula.

Kisha tukapelekwa kliniki, kwa watu wenyewe. Hapo ndipo Mama Azim alipompata Zabron. Jina lake hasa lilikuwa Bi Ummehani, mjane mwenye duka la vitambaa Makorora, mwanamke wa Kihindi mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika hadi mtaa wa pili. Wauguzi wote aliwakataa. Alisema tuna mikono ya baridi na nyuso za polisi. Alimtaka "kijana wangu yule mwenye adabu", basi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Umeamkaje? Mama yako hajambo huko mashambani? Mvua wamepata?"

Na Zabron, mkanda ameshafunga, mipira ya kusikilizia mapigo ameshaivaa masikioni, anajibu. Mama Azim anaendelea. Anamsimulia wateja wanaopapasa kitambaa na kuondoka, na Azim, mwanawe wa pekee, anayekataa kila mchumba anayetafutiwa. Zabron anasikiliza pigo kwa masikio na Mama Azim kwa adabu. Presha inatoka juu. Akija tena, juu. Daktari hakuwa mjinga. Alisoma namba alizoletewa na akaandika vidonge.

Mwanzoni vidonge havikumdhuru, kwa sababu havikuwapo. Azim alikuwa akiagiza vichache kwa watu wanaokwenda Mombasa, vikipatikana mama anakunywa, visipopatikana hanywi. Halafu biashara ikafunguliwa na maduka ya dawa yakajaa. Mama Azim akawa anakunywa vyote, asubuhi na jioni, kama alivyoambiwa. Akaanza kuona kizunguzungu. Siku moja akaanguka dukani kwake, katikati ya majora ya kitambaa, na Azim akamleta akiwa na nundu kwenye paji la uso.

Zabron akampima. Huku anapimwa akawa anamweleza jinsi alivyoanguka, kwa vilio na vicheko. Presha ikawa juu vilevile.

"Basi dawa haitoshi," daktari akasema. "Wiki ijayo mpimeni tena. Ikiwa hivyo, tunaongeza."

Wiki iliyofuata Mama Azim alikuja ameshikwa mkono na Azim, mafua yamemkaba, sauti imekauka kabisa. Aliamkiwa akaitikia kwa kichwa. Zabron akajaza upepo, akafungulia, zebaki ikashuka, ikashuka, na yeye bado anasubiri pigo la kwanza. Nilimwona anabadilika rangi. Akaniita nipime mimi, na safari hii mama wa watu hakuwa na sauti ya kunikataa. Namba yangu ikawa ileile: chini mno kwa mtu wa umri wake.

Sista Yudith akaja, akakijaribu kipimo kwenye mkono wake mwenyewe. Kizima. Akamgeukia Zabron.

"Leo umefanya nini ambacho siku nyingine hufanyi?"

Zabron akafikiri mpaka nikamwonea huruma. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Leo hatujazungumza, Sista."

Nilidhani Sista atampiga kofi. Hakumpiga. Alimvuta pembeni, akamweleza taratibu kwamba maneno nayo hupandisha presha, na kwamba muda wote huo alikuwa akipima mazungumzo ya Mama Azim pamoja na mishipa yake. Daktari akasimamisha nyongeza ile na kupunguza vidonge kidogo, lakini alikataa kuviondoa kwa namba ya siku moja ya mafua. Alitaka apimwe tena akiwa mzima, naye akiwa kimya.

Naye alirudi mzima, sauti yake ikimtangulia mlangoni. Zabron alikuwa amekaa naye kwenye benchi la nje makusudi, wakaamkiana mpaka nikadhani wamemaliza. Lakini mkanda ulipofungwa tu, Mama Azim akaanza upya.

"Na mama yako, ile pumu?"

Zabron hakujibu.

"Mwanangu, nakuuliza."

Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni. Angeweza kumweleza, lakini ulimi ulimganda. Kumwambia mtu mzima anyamaze hakujui mpaka leo. Aliangalia zebaki tu. Mama Azim akamtazama, akanitazama na mimi niliyesimama mlangoni, kisha akafunga mdomo na kuuelekeza uso ukutani. Zabron akajaza upepo, akasoma, akaandika. Ilikuwa chini. Vidonge vikaondolewa siku hiyohiyo.

Alipomfungua mkanda alijaribu kumweleza, lakini mama alikuwa ameshajitanda mtandio wake. Zabron akasema shikamoo ya kuagana. Haikuitikiwa.

Alikonda, nawaambieni. Mwanamume mzima analia nyuma ya stoo kwa sababu amenuniwa na mwenye duka! Nilimwambia mama wa watu anatembea, haanguki tena, anataka nini zaidi? Akanijibu kwamba angefurahi kama angemsikia yeye mwenyewe akisema hivyo.

Mwezi ulipoisha Mama Azim akaja peke yake, bila kushikwa mkono. Aliwapita wauguzi wote, akaketi mbele ya Zabron, akakunja mkono wa gauni lake na kuuweka mezani. Zabron alifungua mdomo amwamkie.

"Nyamaza!" akasema Mama Azim. "Pima kwanza. Azim alimuuliza Sista, ameshanieleza yote. Ukimaliza nitakugombeza."

Akapimwa, presha ikawa nzuri. Na kweli alimgombeza, mpaka foleni nzima ikaanza kulalamika, na Zabron amesimama mbele yake anaitikia "ndiyo, mama" huku machozi yanamtoka. Mimi nilikuwa nimeshika trei ya sindano. Kabla ya siku hiyo nilikuwa namwonea huruma tu, na wivu kidogo. Pale ndipo nilipompenda.