Aliziiba Pikipiki za Runyenjes, Sasa Analipwa Kuzilinda

Saa tatu asubuhi mjini Runyenjes, na hakuna bodaboda anayebeba abiria. Waendeshaji zaidi ya sitini wamejazana mbele ya kibanda cha mabati, wengine wamepanda juu ya magunia ya kahawa wapate kuona. Katikati yao, Salesio Kinoti, mwenye umri wa miaka 39, amewapa kisogo, uso karibu kugusa ukuta.

Dakika chache zijazo zitaamua kama kibanda hiki kitabaki chake au atafungasha virago.

Salesio hufunga vitufe vya siri kwenye pikipiki. Usipokibonyeza kitufe hicho, injini haiwaki ng'o! Kazi hiyo aliijulia upande wa pili. Kwa miaka mitatu aliiba pikipiki kutoka hapa hadi Ishiara, kisha akafungwa miaka minne.

"Zilifika thelathini na moja, nikaacha kuhesabu," anasema bila kupepesa macho. "Watu walikuwa na minyororo minene kama ya kufungia fahali! Na bado naondoka kabla chai ya mtu haijapoa."

Leo humtoza mteja shilingi mia nane, na siku ya soko hupata wateja watano, hata sita. Mzozo ulianzia hapo hapo.

Khalifa Abubakr, mwenye bucha karibu na soko, ni mmoja wa walioibiwa na Salesio. Alisafirisha nyama kwa mkokoteni mwaka mzima. Juma lililopita aliwaendea viongozi wa steji ya bodaboda, akataka kibanda kifungwe.

"Huyu alisomea kwa pikipiki yangu," anasema, mishipa ya shingo imemsimama. "Sasa nimlipe na karo? Halafu kitufe anakificha yeye! Anayejua kilipo ni nani, si mwizi mwenyewe?"

Swali hilo lilimkosesha Salesio usingizi siku tatu. "Mzee Khalifa alisema kweli tupu. Hata mimi nisingejiamini."

Basi akabuni mtindo mpya. Yeye hupitisha waya mrefu pikipiki nzima, kisha hugeukia ukuta. Mwenye mali ndiye huchomeka kitufe anapotaka. Leo unajaribiwa kwa mara ya kwanza, na aliyejitokeza na pikipiki yake ni nani? Khalifa!

"Nishaweka. Geuka!" Khalifa anapaza sauti. "Una dakika tano. Ukiiwasha, nenda nayo, lakini Runyenjes usikanyage tena."

Haya! Pikipiki ya shilingi laki moja na nusu, bure, mchana kweupe. Salesio anaivamia. Mnyororo unaanguka. Kufuli ya usukani, kwisha!

"Wuui! Kumbe yangu ilienda hivyo," anasema Gatwiri, mwendeshaji pekee wa kike kwenye steji.

Salesio anapapasa chini ya tangi, chini ya kiti, nyuma ya taa. Anapiga kiki. Kimya. Anapiga tena, jasho likimchuruzika hadi kidevuni. Macho yake hayaoni mtu.

"Dakika ya tatu nilisahau kibanda," atakiri baadaye. "Haki ya Mungu, nilitaka tu iwake. Kile kiburi cha zamani kilinipanda, kikanitisha."

"Muda umeisha!" anatangaza Koome, mwenyekiti wa steji.

Honi zinalia kila upande. Salesio anaruka juu, anacheka, analia, hajui afanye lipi. Tangu lini mwizi akashangilia kushindwa? Koome anaitisha kura, na mikono inainuka kama majani ya migomba. Kibanda kinabaki.

Mkono wa Khalifa haukuinuka. Anamkaribia Salesio, kisha anamwekea mia nane kiganjani.

"Nilikuwa naangalia mikono yako. Ulikuwa unakitafuta kweli, hukuigiza. Hizi ni za kazi. Msamaha sijakupa."

"Nimesikia, mzee."

Salesio anapanga kufungua kibanda cha pili Ishiara kabla ya Disemba, na kuwapelekea huduma hiyo wakulima wa chai wa Kibugu. Jina lake atalibandika mlangoni, asema, lote, ili walioibiwa wajue pa kumpata.

Khalifa amekwisha kupanda pikipiki yake. Anasita, anageuza shingo.

"Kesho saa mbili naleta ya binti yangu Aminah," anasema. "Usichelewe kufungua."