Kiganja Chini

Walimwita Mabega, maana enzi zake za kucheza ngoma mabega yalitangulia kuingia uwanjani, mwenyewe akafuata. Sasa magoti yamegoma, lakini kiburi hakijui uzee. Alikaa na mdogo wake, fundi cherehani, mwanamke wa maneno ya pilipili aliyezoea kuwaambia wateja, "Dada yangu Mungu alimpa mabega kwanza, akili akaambiwa asubiri." Kisha kiharusi kikamwangusha yule mdogo mtu. Kikachukua ulimi na upande wote wa kulia, kikamwachia wa kushoto, nao wa kuinuka kidogo tu juu ya godoro.

Ndipo akaja binti mmoja wa kompyuta, mpangaji wa nyumba ya pili. Yeye na wenzake walikuwa wanatengeneza mashine ya kusoma mwili: kamera ndogo yenye taa ya buluu, ukiipa ishara kengele inalia chumba kingine. Walitafuta mcheza ngoma wa kuifundisha, kwa kuwa mwili wa mchezaji husema kabla ya mdomo. Nao wangemwachia moja pale kwa mgonjwa.

"Hapo mmefika kwa mwenyewe," Mabega akasema.

Wakambandika vidoa vyeupe viwikoni na mabegani, cherehani ikasukumwa ukutani, akacheza. Bega likipanda, huko ni kuita, maana ngomani bega ndilo humwingiza mwenzako uwanjani. Kiganja kikitazama chini na kupigapiga hewa, huko ni kutuliza: mpigaji akikiona anashusha ngoma, watu wanapumua.

"Kwa hiyo kiganja chini, mashine izime ipumzike?" binti akauliza. "Mgonjwa hatachanganya, mama?"

"Mkono huu ulituliza ngoma kabla mama yako hajavunja ungo. Andika."

Binti akacheka, akaandika. Kitandani mdogo mtu aliwatazama kwa jicho lile la kusema akili bado inasubiriwa.

Ikafanya kazi. Bega la kushoto likipanda, kengele inalia dirishani jikoni, Mabega anakwenda: maji, au kugeuzwa, au nzi tu. Akaanza kujiamini. Akafika mpaka uani, akawa anafua mashuka kwa nafasi, sikio likiwa dirishani, huku akiwaringia majirani kwamba nyumbani kwake hata mashine inajua ngoma.

Siku moja alifua mchana kutwa, kengele kimya. Akasema moyoni, leo kalala vizuri. Alipoingia na mashuka makavu, kitanda kilikuwa kitupu. Mdogo wake alikuwa chini kwenye saruji, shuka limemzonga miguu, amejikojolea, midomo imekauka. Taa ya buluu imezimika. Mkono wa kushoto bado ulikuwa unapigapiga, kiganja chini, vidole vikijivuta polepole: njoo, njoo, njoo. Kama mtu yeyote anavyomwita mtoto. Kama yeye mwenyewe alivyomwita Mabega miaka yote kutoka kwenye cherehani, mdomo umebana pini.

Mtu anayeanguka hakumbuki bega la ngoma.

Binti alipokuja aliirudisha picha nyuma. Ukaonekana mwili ukiteleza ukingoni mwa godoro, mkono ukaita mara moja, kisha giza.

"Imefanya ulivyoifundisha, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Na mimi ndiye niliyeandika."

Mabega akaokota shuka, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

Wakaifundisha upya. Sasa kiganja chini ni kengele, tena inalia kwa ishara ndogo kabisa. Lakini mdogo mtu haiti. Si kwamba mkono umekufa. Akinyweshwa uji huuinua akafuta kidevu. Kuita ndiko alikokuacha. Mabega naye hafui tena uani. Anakaa kwenye kiti cha cherehani, anamtazama.

"Niite basi," humwambia. "Hata kwa kunitukana. Niite."

Mwenzake hugeuzia macho ukutani.

Siku nyingine, uji ukiwa umepoa na maneno yamekwisha, Mabega husimama mbele ya ile taa ya buluu, akageuza kiganja chini, akavuta vidole: njoo. Kengele inalia jikoni, ambako hakuna mtu.